Nyumba ya Nyuma

Jumapili, 3 Novemba

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya nyumba za karatasi. Tata Antoine Kitenge amesema niandike kila ninachofanya, ili siku nikichoka mwingine ajue pa kuendelea. Yeye mikono inamtetemeka. Aliendesha treni miaka thelathini na moja kati ya Kolwezi na Lubudi, na sasa hawezi kushika wembe.

Sebuleni kwake ana treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja, mabehewa manne, na reli inayozunguka juu ya ubao uliokuwa mlango. Aliachiwa na fundi mmoja Mzungu wa karakana aliyerudi kwao, pamoja na masanduku mawili ya nyumba za karatasi ngumu, zilizochapishwa rangi, za kukata, kukunja na kubandika. Kuna stesheni, kanisa, mnara wa maji, nyumba za watu kama ishirini. Zimekaa miaka mingi. Zile alizozijenga zamani pembe zimefunguka, rangi imekuwa ya manjano, na juu ya mapaa yote kumechorwa theluji.

"Sitaki kijiji cha Bazungu," ameniambia. "Nataka kartie yetu, vile ilikuwa pembeni ya reli. Wewe ulikuwa unachora maplani ku biro, kule ofisini. Utaweza."

Kartie yetu, mtaa wetu wa zamani, haipo tena. Shimo la mgodi limeila, huu ni mwaka wa tatu. Nimekubali kabla ya kufikiri.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua toka asubuhi. Nimefungua masanduku. Karatasi zimenyonya unyevu, ukisimamisha ukuta unajikunja. Nimezipiga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, kisha nikazilaza chini ya vitabu vizito.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeelewa kwa nini nyumba hizi zinaonekana za uongo. Madirisha yamechorwa tu, hayana kina. Nimeyakata kwa wembe na kubandika kwa nyuma plastiki ya mfuko wa shati jipya. Mlango nimeukata, nikausogeza ndani milimita mbili. Halafu kuna pembe. Ukikunja karatasi iliyochapishwa, kwenye mkunjo hutoka mstari mweupe, na ule mweupe ndio unaomwambia mtu kwamba anatazama karatasi. Nimeupaka rangi ya maji kwa brashi ya nywele chache. Ndani ya kuta nimebandika katoni ya sanduku la sabuni, na vijiti kwenye kona, ili unyevu usizipinde tena.

Theluji nimeitoa pamoja na paa zima. Bati nimelitengeneza kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni: naiweka juu ya gazeti, navuta mistari kwa rula na kalamu isiyo na wino, mstari kando ya mstari. Kutu ni udongo wetu mwekundu, uliochekechwa na kuchanganywa na gundi na maji.

Tata Antoine ameishika nyumba ya kwanza kwa viganja viwili kama mtu aliyepewa kifaranga. "Hii njo nyumba ya mwalimu," amesema. Ilikuwa kweli nyumba ya mwalimu, ingawa mimi nilikuwa sijafikiria nyumba ya mtu yeyote.

Jumapili, 17 Novemba

Habari imeenea. Baada ya misa watu wa kartie ya zamani wamejaa sebuleni kwa tata Antoine, wakaanza kutusahihisha. Mlango wetu ulikuwa wa kijani. Hapa kulikuwa na mpapai. Bomba la maji lilikuwa upande ule. Mzee mmoja alitoa machozi, kisha akacheka, akasema ni moshi wa jikoni.

Mama Henriette amekuja pia, na bakuli la mikate ya kukaanga anayouza karibu na soko. Kwa miaka kumi na saba alikuwa jirani yangu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yangu. Ameutazama ubao, akitafuta. Kisha mkate wa kwanza akanipa mimi.

"Kula, tata Josias. Wewe ulinikimbilia sana ku biro. Mi sisahau."

Nimeula. Sikuwa na pa kuutema.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Sikufanya kazi.

Alhamisi, 21 Novemba

Mnara wa maji. Mabomba nimeyatoa kwenye waya wa umeme uliomenywa. Umependeza.

Jumapili, 24 Novemba

Niliandika ukurasa mzima nikauchana. Naandika tena, kwa maneno machache.

Kampuni ilipotaka kupanua shimo, iliunda kamati ya kupima nyumba zetu, ili kila mtu ajengewe nyingine huku kwenye kartie mpya, sawa na aliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati, kwa sababu najua kushika mita na kalamu. Kiwanja changu kwenye vitabu vya serikali kilikuwa kimoja, kwa jina langu. Lakini mjomba wangu, kabla hajafa na kuniachia, alikuwa amemkatia mume wa Henriette sehemu ya nyuma. Mume na mke walijenga pale kwa mikono yao. Kila mtu alijua. Hakukuwa na karatasi.

Siku ya kupima upande wetu, Henriette alikuwa Lubudi kumzika mama yake. Mume alikuwa amekwisha kufa. Wenzangu wa kamati walibaki barabarani kwenye kivuli cha gari. Niliingia peke yangu, nikapima nyumba yangu, nikapima na yake. Kwenye fomu niliandika: nyumba kubwa na aneksi, yaani nyumba ndogo ya nyuma, mali ya Mwamba Josias.

Hakuna aliyenilazimisha.

Nilijengewa nyumba ya vyumba vinne. Yeye hakujengewa kitu. Aliporudi nilimwambia kamati ilikuta mlango una kufuli ikapita, na kwamba nitakwenda ofisini kumtetea. Nilikwenda naye mara tano. Nilikaa kando yake kwenye benchi. Sasa amepanga chumba kimoja nyuma ya gereji ya mtu.

Jumapili, 1 Desemba

Tata Antoine ameweka kidole kwenye ubao. "Hapa nyuma ya nyumba yako kuko wazi."

"Karatasi zimeisha, tata."

Kwenye sanduku zimebaki nyumba nne.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Mke wangu Mado amepika sombe, majani ya muhogo, akajaza sahani moja, akaifunika, akampelekea Henriette. Hufanya hivi kila wiki. Nilikuwa nasema ni moyo wake mwema.

Jumapili, 8 Desemba

Leo wanawake wawili walisogea kwenye dirisha la tata Antoine na kunong'ona kwa sauti ambayo kila mtu alisikia. Mmoja alisema, "Huyu naye anakuja kutafuta nini? Alikuwa anapanga tu kwa aneksi ya tata Josias. Alitaka kuiba nyumba ya bule." Henriette alikuwa hatua tatu kutoka pale, anagawa mikate. Mkono wake ulisimama, halafu ukaendelea.

Mimi nilikuwa nabandika bati kwenye kanisa. Niliendelea kubandika.

Jumapili, 15 Desemba

Lazima niandike yote ya leo, moja baada ya nyingine.

Mvua ilikuwa kubwa, watu hawakuja. Tulikuwa watatu: tata Antoine, Henriette na mimi. Tata Antoine alikuwa amefungua sanduku mwenyewe akaziona zile nyumba nne. Hakuniuliza. Alichukua moja, akaiweka mezani mbele yangu, akamwambia Henriette akae karibu.

"Leo tunajenga ya mama Henriette," alisema. "Mama, ilikuwa namna gani?"

Henriette alifuta mikono kwenye kitenge. Alieleza taratibu, kama mtu anayefungua nguo zilizokunjwa zamani. Mlango mbele, dirisha moja kulia. Kuta za matofali ya udongo, zimepigwa simenti mpaka kiunoni, maana simenti iliwaishia. Marehemu alisema watamalizia mwaka ujao.

Nilikuwa nimeinama, nakwangua theluji. Karatasi ilikuwa na unyevu, ukuta wa kushoto umejikunja, akili yangu yote ilikuwa kwenye ule ukuta.

"Na ukubwa?" tata Antoine aliuliza.

"Sijue, tata. Tulipima na kamba, si na mita."

"Josias, tukate ngapi?"

Nikajibu bila kuinua kichwa. "Mita sita kwa saba na ishirini. Kwa hapa inakuwa sentimita saba kasoro kidogo, kwa nane na milimita tatu."

Nilikuwa tayari nimeweka rula. Ndipo nikasikia kwamba hakuna anayesema. Mvua tu juu ya bati.

"Unajua namna gani?" Henriette aliuliza.

"Nimekisia."

"Hapana, tata Josias. Mutu haweze kukisia ishirini."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu siku. Nilimwona akirudi nyuma, siku kwa siku, mpaka akafika.

"Ulisema mulango ulikuwa na kufuli," alisema. "Ulisema hawakuingia. Ni nani njo alipima nyumba yangu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kamati. Neno lilikuwa pale, lile lile la miaka mitatu. Halikutoka, lakini na la kweli halikutoka.

Alisimama, akachukua bakuli lake, akajifunika kitenge kichwani, akatoka kwenye mvua ile. Tata Antoine alizima treni. Aliketi, akaweka mikono juu ya magoti ili isitetemeke.

"Rudi kwako, Josias," alisema.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua. Barabara ya soko imekuwa mto mwekundu. Nilikwenda mpaka kwenye gereji, nikaona pazia la chumba chake, nikarudi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Binti yetu Chancelle amepiga simu kutoka Likasi. Baada ya kula nilimwambia Mado nina jambo. Aliendelea kuosha sahani.

"Tata Chancelle," aliniambia bila kugeuka, "mi najua. Toka siku tuliingia humu. Nilihesabu vyumba, nikakumbuka nyumba yetu, nikajua vyumba viwili si vyetu."

"Juu ya nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Kiisha nikazoea." Alikausha sahani moja kwa muda mrefu. "Na mi nilitaka chumba cha wageni. Usifikiri ni wewe peke yako."

Sahani za kila wiki. Nilidhani nimeoa mtu mwema kuliko mimi, na nilipumzika juu ya wema huo. Kumbe alikuwa na aibu yake, anaibeba kwenye sahani, peke yake, huku mimi nikila mezani.

Ijumaa, 3 Januari

Nimekwenda. Henriette alikuwa anakanda unga nje, chini ya turubai. Hakunipa kiti. Nilisema nikiwa nimesimama: ni mimi niliyepima, ni mimi niliyeandika aneksi, hakuna mwingine.

Alikanda mpaka nikadhani hakusikia.

"Ile mara tano tulienda ku biro," alisema mwishowe. "Ulikuwa unanibebea parapluyi, mvua isininyeshee."

"Ndiyo."

"Mutoto wangu Jémima alikuwa na myaka kumi. Chumba hiki, ukilalisha batu babili, mafuta na unga bitabaki inje. Nikamupeleka kwa dada yangu Lubudi. Anaita dada yangu mama sasa. Ulijua?"

Sikujua. Miaka mitatu sikuwahi kuuliza mtoto yuko wapi.

"Mama Henriette, nyumba yangu..."

"Ngoja. Nyumba tutaongea kiisha. Kwa bamama wa kanisa mi nilikuwa kiongozi. Balinitosha ku uongozi. Balisema mwizi hawezi kushika Biblia mbele ya batu. Unaona? Sasa wewe utasema mbele yao, vile umesema hapa. Kwa mudomo wako. Siku ya mungu, kiisha misa, kwa tata Antoine, wote beko."

Nimekubali. Nimerudi kwa miguu, nimeloa, na karibu nilikuwa nafurahi.

Jumapili, 12 Januari

Wote walikuwepo. Tata Antoine aliniruhusu niingie. Henriette alisimama karibu na mlango. Mtu mmoja aliniuliza bati nalifanyaje likaonekana lina kutu vile. Nilianza kueleza. Nikaeleza udongo, nikaeleza gundi, nikaeleza brashi. Walisikiliza vizuri, wakasifu mikono yangu. Nilieleza mpaka watu wakaanza kuaga.

Nilipoinua macho, mlangoni hakukuwa na mtu.

Sina la kuongeza. Mtu anayeandika hapa ndiye yule aliyeandika ile fomu.

Jumatano, 15 Januari

Mado ameondoa mikeka yetu kwenye vyumba viwili vya upande wa barabara, amefagia, ameweka milango wazi. Tunapita mbele ya vyumba vitupu.

Jumapili, 19 Januari

Niliingia wa kwanza ili nisiwe na mahali pa kujificha. Watu walipojaa nilimwomba tata Antoine asimamishe treni. Nilisema nikiwa nimeshika ukingo wa ubao.

"Nyumba ya nyuma haikuwa aneksi yangu. Ilikuwa ya mama Henriette na marehemu bwana yake. Mi nilipima, mi niliandika jina langu, siku alikuwa anazika mama yake. Alichowaambia miaka hii yote ni kweli. Mi njo mwizi."

Nilidhani watapiga kelele. Walinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu wengi hawakunitazama mimi, walitazama chini. Wale wanawake wawili walitazama mikono yao. Mwalimu mzee, aliyeketi karibu na dirisha, ndiye aliyesema. "Mi nilikuwa najua hii nyumba. Nilikunywa maji ndani yake. Na nikanyamaza, maana biro ilisema."

Mmoja wa wale wanawake alikwenda kwa Henriette na kumshika mkono. Henriette alimwacha aushike, lakini hakumtazama.

Wakati wa kutoka baadhi walinipita kama kiti. Hiyo ni haki yao.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua na ngurumo. Nimelala mchana.

Jumanne, 28 Januari

Ofisini wamesema orodha ilifungwa, nyumba mpya hazitajengwa tena. Kijana wa kaunta alinitazama mara mbili niliposema nimekuja kujishtaki. Alisema hakuna fomu ya hiyo. Henriette alikuwa kwenye benchi lile lile, na mimi nilibaki nimesimama.

Tulipotoka nilimwambia achukue nyumba yote, mimi na Mado tutapanga.

"Yote ni ya nini?" alisema. "Nyumba ya mbele ilikuwa yako. Unataka kunipatia ya kwako juu batu baseme wewe ni mutu muzuri. Mi nataka ile yangu tu."

Alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona.

Jumamosi, 8 Februari

Chefu wa kartie amepiga muhuri. Kiwanja kimegawanywa mara mbili. Vyumba viwili vya upande wa barabara na nusu ya uwanja ni vya Henriette na mtoto wake. Mado alitia sahihi kabla yangu.

Jumapili, 16 Februari

Tata Antoine ameniita. Nilidhani ananisamehe.

"Kazi haiyaisha," alisema. "Sikukuitia juu nakupenda. Leo sikupende. Nimekuitia juu hakuna mwingine anajua kukata."

Nilikaa, nikakata. Saa mbili nzima treni ilizunguka.

Jumamosi, 1 Machi

Kuta zote za mji zimeota ukungu. Kanisa letu la karatasi limejikunja upande mmoja, nimelipaka vanishi ndani na nje. Nyumba ya Henriette nimeisimamisha. Simenti mpaka kiunoni, juu udongo. Alikuja kuitazama, akainama sana, jicho moja likiwa karibu na dirisha.

"Dirisha iko kushoto," alisema.

"Ulisema kulia, mama."

"Kulia kama uko ndani."

Nimebomoa ukuta, nimeanza upya. Nadhani leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu Desemba.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Gael ameziba mlango wa katikati kwa matofali na kufungua mwingine unaotazama barabara. Nilimchanganyia simenti. Alipoweka tofali la mwisho sikumwona Mado tena kwenye chumba kile, alikuwa amehamia upande wetu kabisa, amekaa kwenye kitanda, analia. Nilikaa karibu naye. Tuna vyumba viwili, kama zamani.

Jumatatu, 24 Machi

Henriette amehama. Bamama wa kanisa walibeba vyombo vyake vichwani, wakiimba. Sikutoka nje. Haikuwa sherehe yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi namsikia akifagia. Hanisalimu, nami sijitokezi mpaka amalize.

Jumapili, 13 Aprili

Siku tisa bila mvua. Vumbi limeanza tena kutoka shimo la mgodi la Mashamba, anga limekuwa jeupe.

Jana Jémima amefika kwa treni kutoka Lubudi. Ana miaka kumi na tatu, mrefu kuliko mama yake, kabegi mgongoni. Leo baada ya misa nilikuwa kwenye hatua ya mlango wangu. Alivuka uwanja kuja kwangu, akapiga goti kidogo, akanipa mikono miwili.

"Jambo, tata Josias. Mama anasema njo tuko bajirani tena."

Alikuwa anatabasamu. Ananikumbuka vizuri, nilimchongea penseli alipokuwa mdogo. Nilimwangalia Henriette mlangoni kwake, karai mkononi. Nikamfuata mpaka kwenye kamba ya nguo, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amemwambia mtoto.

"Hapana," alisema.

"Utamwambia?"

Alikung'uta shati, akalitundika. "Ananiuliza juu ya nini nilimutuma kule. Myaka tatu ananiuliza. Mi sina jibu yake, tata Josias. Ni wewe njo uko nayo."

Halafu akaita, "Jémima, enda ukaikale na tata Josias. Ana maneno."

Mtoto amekuja na kiti chake mwenyewe. Amekiweka mbele yangu, si kando, akakusanya sketi, akangoja. Nilitafuta pa kuanzia. Kila mahali palikuwa na kisingizio kidogo ndani yake: kiwanja, vitabu vya serikali, mjomba. Niliviacha.

"Siku ulienda kuzika nyanya yako," nilimwambia, "mi niliingia kwenu na mita."

Alikuwa anatabasamu bado. Niliendelea mpaka mwisho, nikimtazama, na niliona lile tabasamu likienda.